Maswali mnayoniuliza kila Jumamosi kuhusu muvi za kutisha (majibu yote haya hapa, nshachoka)

Kila Jumamosi tukishaswali isha tukapanda darini kwa khaleti hapa Lamu, kabla hata projekta haijapata moto, kuna mtu ataniuliza mbona Jason hana maski, kuna mtu ataniuliza kama muvi ya leo inatisha kweli ama natania, na hakosi mmoja wa kutwambia za zamani ndo zilikuwa muvi. Basi nimeyaandika yote pamoja. Ukiniuliza tena njiani ntakuelekeza hapa. Na kuna pahali natoboa mwisho wa muvi, nyengine zina miaka arobaini na zaidi, kama hujaiona mpaka leo hayo si makosa yangu.

Slasha ni nini haswa?

Adui mmoja, binadamu ama aliyekuwa binadamu, kafunika uso, kashika kitu chenye makali, na kuna kundi la vijana wameenda pahali wasipopajua halafu wanapukutika mmoja mmoja kama maembe ya upepo mpaka abaki msichana mmoja. Hiyo ndo slasha. Adui akiwa pepo la nyumba, ama papa, ama maradhi, hiyo ni muvi ya kutisha lakini si slasha, msinichanganyie.

Watu husema ilianza na Halloween, 1978. Si kweli. Psycho ya Hitchcock ni ya 1960, na ile damu ya bafuni ni sharubati ya chokoleti, manake picha ni nyeusi na nyeupe nani atajua. Mwaka 1974 zikatoka mbili kubwa, Black Christmas ya Kanada, ambayo simu za vitisho zinapigwa kutoka ndani ya nyumba hiyo hiyo, na The Texas Chain Saw Massacre, ile ya msumeno wa mashine. Na hao Wataliano walikuwa nazo zao tangu mwanzo wa miaka ya sitini, wanaziita giallo yani njano, kwa sababu vitabu vyao vya bei rahisi vya mauaji vilikuwa na jalada la njano. Mario Bava alitoa Blood and Black Lace mwaka 1964 na adui wake ana uso mtupu mweupe, hana macho hana mdomo, miaka kumi na nne kabla ya Michael Myers, adui wa Halloween. Binamu yangu wa Malindi, aliyekulia kuuza vinyago ufuoni na Kitaliano akakijulia huko huko, huzitazama bila kusoma maandishi ya chini na hucheka pahali sisi hatuoni cha kuchekesha. Inakera sana.

Mimi ni mgeni kabisa, nianze na ipi?

Halloween ya 1978, hata tusijadiliane. John Carpenter alikuwa na dola kama 325,000 tu, na ukishajua hilo utaitazama kwa jicho jengine. Maski ya Michael Myers ni maski ya dukani ya sura ya Captain Kirk, yule wa Star Trek, wakaipaka nyeupe wakaipanua macho. Yale majani makavu ya njiani yamepakwa rangi, manake walipiga picha California wakati miti imejaa kijani na hadithi yataka iwe Illinois mwezi wa kumi, kwa hivyo wakimaliza pahali wanayaokota wakayamwage pengine. Muziki kautunga Carpenter mwenyewe. Damu karibu hamna.

Sasa inatisha nini? Mtu kasimama. Basi. Kasimama katikati ya nguo zilizoanikwa, msichana anamwona dirishani, akitazama tena hayupo. Mimi niliiona nikiwa na miaka kumi na sita, na kiwanda cha nyumba yetu, yani uwani, kina kamba ya nguo, wiki nzima sikuanua kitu baada ya magharibi, mamangu akadhani uvivu umenizidi.

Na ukingoja majina ya mwisho utaona aliyevaa ile maski kaandikwa The Shape, yani umbo tu. Mbona anaua? Hatukuambiwa. Shikeni hilo la kutoambiwa, kwangu mimi mambo yote yako hapo.

Halloween ziko ngapi, na nizitazame zote?

Ziko 13, na hapana. Tatizo ni kwamba kila aliyekuja baadae alitaka kutueleza. Mwaka 1981 Carpenter na Debra Hill wakaandika ya pili, humo tunaambiwa Laurie, yule msichana wa ile ya kwanza, ni dada yake Michael, kwani ilikuwa na haja gani? Mtu asiyejulikana akikuandama bila sababu hulali, lakini kakako akikuandama hayo ni mambo ya ukoo, waiteni wazee. Mwaka 1995 wakatuletea kikundi cha siri na laana, kumbe Michael katumwa. 2007 akaja Rob Zombie kutuonesha utotoni mwake, alivyoonewa shuleni, sijui mama alifanya kazi gani. Kila wakimfafanua anapungua kimo. Mpaka 2018 wakachoka wenyewe, wakazifuta zote wakabakisha ile ya kwanza, na Jamie Lee Curtis, anayemcheza Laurie, humo ashakuwa nyanya mwenye mjukuu na bunduki, ikawa muvi safi.

Nyanya yangu alipotukataza kupiga mluzi usiku hakutwambia mluzi utaleta nini. Tukimuuliza anasema tu, "Pigeni muone." Nina umri wa kuwa na wanangu na sipigi.

Ukitaka mpango wangu: tazama 1978, halafu ya 1982 ambayo Michael hayumo kwenye hadithi (watu waliikasirikia sana, mimi naipenda, ina wimbo wa tangazo utakaokuganda kichwani mwezi), halafu 2018, kalale. Ile ya mwisho ya 2022 khaleti anaitetea mpaka povu linamtoka, muulizeni yeye.

Mbona Jason hana maski kwenye Friday the 13th?

Kwa sababu si yeye! Adui wa ile ya 1980 ni mamake, Bi Pamela Voorhees, analipiza kisasi cha mwanawe. Swali hili ndilo lililomponza mtu mwanzoni mwa Scream kwa hivyo likariri vizuri. Jason anaanza kazi ya pili, 1981, kavaa mfuko wa kitambaa kichwani kama mtu anayerina asali, na ile maski ya hoki kaipata ya tatu, 1982. Baadae wakampeleka New York na meli, wakampeleka anga za juu, wakampiganisha na Freddy mwaka 2003. Tangu 2009 hatujaona muvi mpya ya Jason kwenye sinema, manake aliyeandika ile ya kwanza na waliomlipa walipelekana kortini juu ya nani mwenye mali, na mahakama ya rufaa Marekani ilimpa ushindi mwandishi mwaka 2021.

Lakini niseme ukweli, jina lenyewe halikutufaa kitu sisi. Ijumaa Lamu ni kuoga mapema, kanzu ya pasi, udi, pilau. Na kumi na tatu ni nambari tu inayokuja baada ya kumi na mbili. Tulipoitazama mara ya kwanza mzee mmoja alitusikia tunalitaja barazani akauliza, "Sasa Ijumaa imewakosea nini?" Hatukuwa na jibu.

Freddy mbona hawatishi watu siku hizi?

Kwa sababu walimfanya mchekeshaji. Kufika muvi ya nne, ya tano, anaua mtu halafu anatoa mzaha kama mshereheshaji wa harusi. Lakini ile ya 1984, A Nightmare on Elm Street, msiidharau, itazameni peke yenu. Wes Craven aliipata fikra gazetini, kulikuwa na habari za wakimbizi waliotoka Asia ya kusini mashariki, vijana wazima, wanaogopa kulala, halafu wanalala na hawaamki. Sisi hilo halitaki tafsiri. Nani hapa hajawahi kukabwa na jinamizi, unaona chumba, unaona zidaka ukutani, unasikia watu wanazungumza msana wa nje na huwezi kuinua hata kidole? Freddy ni jinamizi lenye makucha ya chuma na fulana ya mistari. Rimeki ya 2010 iacheni.

Adui anatembea pole pole, wanaokimbia wanashikwaje?

Hata mimi sijui na sitaki kuambiwa. Ila Jason wa 2009 anakimbia, na wengi tuliona kapoteza kitu.

Si sheria ni kwamba steringi hafi?

Kwa muvi za ngumi ndiyo. Kila aliyekulia vibanda vya video anaijua hiyo, steringi hata apigwe bomu atatoka na gongo la mguu lakini atatoka. Sasa Psycho inamchukua mwanamke unayedhani ndiye steringi inamuua kabla muvi haijafika nusu. Na Scream, 1996, ilirudia ujanja huo kwa ukatili zaidi, Drew Barrymore sura yake kubwa kwenye posta, jina lake unalijua, anapika bisi jikoni, simu inalia, na baada ya dakika kama kumi na mbili hivi hayupo duniani. Binamu yangu Malindi aliirudisha nyuma akidhani flashi ina kasoro.

Scream kwangu ndiyo slasha ya mwisho kubwa, kwa sababu waliomo ndani wameziona slasha zote na bado wanakufa. Zilizofuata zinapanda zinashuka. Na yule adui, kwa shuka lake jeusi la kuburura, sisi wanawake tukirudi usiku na mabuibui yetu tunafanana naye sote, kwa hivyo tunapiga hodi kabla ya kukata kona.

Basi sema, za zamani ama za sasa?

Mnataka nichague timu. Haya.

Slasha ni muvi ya watu wengi. Mko kumi na tano darini, kuna viazi karai, kuna maji ya ukwaju, msichana kwenye muvi anateremka chini kwenye giza na sote tunapiga kelele "usiende wewe!", halafu anaenda, halafu tunamtukana. Raha iko kwetu tunaotazama kuliko kwenye muvi yenyewe, ndo manake hata ile mbovu inapita. Friday the 13th ukiitazama peke yako mchana utaona vijana wasioweza kuigiza wanazungukazunguka msituni.

Hizi za sasa zilizo nzuri ni za mtu mmoja. Hereditary ya 2018, Ari Aster, mimi niliwatilia watu darini na ilikuwa kosa kubwa. Ni mambo ya matanga. Familia imefiwa, halafu inafiwa tena kwa njia ambayo sitaisema, na kuna kilio cha mama humo, Toni Collette, watu walinyamaza wote, khaleti akashuka chini akajifanya anaenda kuchemsha chai na hakurudi. Hakukuwa na wa kumtukana. The Babadook ya 2014 ni hiyo hiyo, mjane na mtoto wake na huzuni iliyoota kucha. Midsommar nayo karibu yote ni jua kali, mchana kweupe watu wanafanya mambo ambayo hata usiku hayafai.

Malalamiko yangu kwa za sasa ni moja, nyingi zina adabu ya shule. Ukimaliza unajua pepo alikuwa ni majonzi, zimwi ni kiwewe cha utotoni, mlango mwekundu ni mama mkwe. Nimeelewa mwalimu. Lakini nikishaelewa nalala fofofo. It Follows ya 2014 haikufanya kosa hilo, kuna kitu kinakuja kwa miguu, pole pole, kwa sura ya mtu yeyote, na hawakutwambia kilitoka wapi. Ile ndiyo Michael Myers wa kweli wa zama hizi kuliko Michael Myers mwenyewe.

Na Lupita?

Lupita ni wetu na hatuna haja ya kuwa waadilifu. Us, ya Jordan Peele, 2019, kacheza watu wawili, mama wa nyumba na yule mwenzake aliyetoka chini ya ardhi na mkasi wa dhahabu, na ile sauti ya kukwaruza kama mtu aliyeshikwa koo, miezi miwili binamu zangu wadogo walikuwa wakiitana kwa sauti hiyo kutoka dirisha mpaka dirisha. Ni kweli muvi inajieleza mno mwishoni, nimewaambia sitatenda haki.

A Quiet Place: Day One ya 2024 pia ni yake, ya wale viumbe wanaowinda kwa sauti. Tuliitazama huku tunacheka, manake Lamu hatungefika hata alfajiri, punda mmoja tu akilia tumekwisha mji mzima.

Mbona mtu mweusi hufa kwanza?

Si kila mara lakini mara za kutosha mpaka ikawa mzaha. Night of the Living Dead ya 1968 mweusi ndiye mwenye akili nyumba nzima, Duane Jones, anaushinda usiku wote, halafu asubuhi anapigwa risasi na waliokuja kuokoa. Ukiitazama baada ya hapo Get Out ya 2017 utajua ile taa ya gari mwishoni, unayodhani ni la polisi, kwa nini watu walishika pumzi. Hiyo Get Out ilimpa Peele tuzo ya Oscar ya hadithi, mweusi wa kwanza kupata ile ya hadithi asilia.

Terrifier?

Siitii kwenye projekta. Nampa heshima Damien Leone, mwenye kuzitengeneza, ya pili kaitengeneza kwa dola 250,000 ikampa mamilioni, na Art, adui wake aliyejipaka uso kama mchekeshaji wa sarakasi, hasemi neno hata moja, hajielezi, kwa hesabu yangu mimi mwenyewe ingefaa niipende. Lakini ile si kuua ile ni kuchinja na kukatakata nyama kwa saa mbili, na nina ami mwenye bucha, nshaona. Dada yangu anazipenda zote. Anakula huku anatazama.

Tukitaka za majini, siyo hizi za misalaba?

Sasa hapa ndo pazuri. Hizi za Conjuring kaseti zake zimetengenezwa vizuri, lakini kasisi akitoa msalaba pepo anapiga kelele na sisi tunatazamana, huyu wa kwetu angeambiwa kwa msalaba angeuliza ni nini hicho. Tafuteni za Indonesia. Satan's Slaves ya Joko Anwar, 2017, nyumba ya Waislamu, kuna msala, mtu anaswali na nyuma yake kuna kitu, hapo hata wale wabishi wetu wanaosema "ni muvi tu" walikunja miguu. Wana mzuka wao wanamwita pocong, maiti ndani ya sanda na vifundo vyake. Kila mmoja wetu ashaona sanda, ashasaidia kuikata, kwa hivyo hakuna anayecheka. Ya Kiajemi kuna Under the Shadow, 2016, hadithi ni Tehran wakati wa vita vya miaka ya themanini, mama na binti, makombora yanaanguka, na jini linakuja kama kitambaa cha kujitanda kinachoelea. Waturuki wana Siccin na Dabbe, kelele nyingi, lakini usizitazame usiku wa Ijumaa. Nyanya alijua nimetazama bila kuambiwa, akanifukizia chumba kizima, na hakusema kwa nini.

Je, ni haramu?

Muulizeni shekhe si mimi, mimi ni mwenye projekta.

Watoto waje?

Hapana. Bodi ya filamu ina madaraja yake, GE, PG, 16 na 18, na nyingi hapa si za watoto. Mtoto wa jirani alijipenyeza tukiwa na Chucky, yule mwanasesere anayeua, ile ya 1988, kesho yake mamake akakuta mwanasesere wa watu kafungwa kamba na jiwe tayari kutupwa baharini.

Slasha ingeweza kutokea Lamu?

Tumelijadili hili usiku mzima. Gari kukataa kuwaka, hamna magari. Nyumba ya peke yake msituni, hamna, kuta zetu zinagusana, ukipiga kelele moja jirani wa juu, wa chini na wa ng'ambo ya wikio (chumba kilichovuka juu ya kichochoro) wote washafungua madirisha na wanauliza nani kafa. Simu kukosa mtandao, hiyo ipo. Adui mwenyewe atapotea, kama si mwenyeji atazunguka mtaa wa Langoni mpaka alfajiri anatokea pale pale na kisu chake, mpaka amuulize mtu njia, na atapelekwa, na atapewa chai.

Shida ni moja tu, stima. Stima ikipotea vichochoroni mji unakuwa mwengine.

Ile hadithi ya punda ni kweli?

Kweli, na aliyekimbia ni mimi, sijui mbona mnasema ni dada yangu. Tulikuwa tumemaliza ile ya 1978, stima zikapotea muziki ukiwa bado unalia, watu wakatawanyika, nikabaki kukunja shuka. Nikateremka peke yangu na simu ina chaji ya kusoma saa tu. Chini ya wikio kulikuwa na kitu cheupe kimesimama. Hakitikisiki. Nikasema salamu alaykum. Kimya. Nikasema tena. Kikapumua.

Viatu nilivipata kesho yake kwenye daka la nyumba ya mwalimu, mtu kanipangia vizuri, kimoja ubavuni mwa kingine. Punda ni wa ami, anaitwa Obama. Nilimuuliza ami mbona alikuwa nje usiku ule na yeye alimfunga mwenyewe baada ya isha, kamba ya mnazi, vifundo viwili. Ami akanyanyua mabega akaendelea na tambuu yake.